Bangili ya Zohali

Vijana wangu wa klabu ya nyota, ile rangi mliyonunua kwa ajili ya ukuta wa darubini ipakeni kwingine. Pakeni mlango wa maabara, umechakaa tangu siku zangu. Jina langu msiliandike pale. Mlinijia watu sita, katibu wenu akasoma barua nzuri kabisa kwamba mimi ndiye mwanzilishi wa elimu ya nyota katika shule yenu, nami nikakaa kwenye kiti changu nikitikisa kichwa kama mtu mnyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu. Ilikuwa aibu, na sikujua niifiche wapi mbele ya ile soda mliyoniletea. Nikawaambia nitajibu kwa maandishi. Jibu ndilo hili, na ni refu, kwa sababu nina kosa la kusema na sina haraka ya kulifikia.

Kwa wale ambao hamkunikuta kazini: naitwa Musyoka, mtu wa Mwingi. Nimekuwa fundi wa maabara hapa Garissa miaka ishirini na minane. Sikuwa mwalimu, ingawa nyote mliniita maalim na mimi sikuwakataza. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa, kuchanganya asidi, kufunga makabati na kuwakumbusha walimu warudishe funguo. Mama yangu aliposikia nimepangiwa kazi ng'ambo ya daraja la Tana alilia siku mbili. Wenyeji nao waliponiona nashuka na sanduku langu waliniuliza habari za Kenya, kana kwamba nimevuka mpaka wa nchi. Tulizoeana.

Darubini ilikuja kwa kifurushi. Aliituma mgeni mmoja aliyewahi kufundisha hapa, bila barua, bila kijitabu cha maelezo. Lilikuwa bomba jeupe lenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, miguu mitatu, kioo kikubwa chini, kioo kidogo karibu na mdomo, lenzi mbili za kuwekea jicho, moja kubwa na moja ndogo, na kipande kifupi cha bomba ambacho sikujua ni cha nini. Kipande hicho kikumbukeni. Walimu wa fizikia walisema wana silabasi ya kumaliza, wakaniachia mimi.

Sasa niwafundishe kidogo, maana huo ndio upande wa barua hii ninaouandika bila kutetemeka.

Darubini itoeni nje wakati wa alasiri, jua likiwa limelegea, muiweke kivulini na mdomo ukiwa umefunikwa. Msingoje giza. Kioo kikitoka kwenye chumba chenye joto na kukutana na upepo wa jioni, picha hucheza kama maji yanayokaribia kuchemka, nanyi mtalaumu mbingu bure. Msiisimamishe kwenye sakafu ya saruji. Saruji ya Garissa hunywa jua mchana kutwa na kulitema hadi saa nne usiku. Isimamisheni kwenye udongo, mkishaunyunyizia maji kidogo ili vumbi litulie. Kidogo, nasema. Mwaka wa kwanza nilimwaga ndoo nzima, mguu mmoja ukazama wakati naibu mkuu wa shule anaangalia mwezi, akapigwa na bomba kwenye paji la uso. Alinisamehe, lakini hakuangalia mwezi tena.

Kioo msikipanguse. Vumbi kidogo halina neno. Mimi nilikipangusa kwa kitambaa cha jikoni, na mikwaruzo ile ipo hadi leo, mkimulika mtaiona.

Na chungulieni ndani ya bomba kabla ya kutangaza mambo makubwa. Kulikuwa na msimu nilioona Mirihi imepasuka nyufa tatu. Nilizichora kwenye daftari, nikawaita walimu, mwalimu wa jiografia akatoa maelezo marefu kuhusu mito ya kale. Siku ya tatu ufa mmoja ulitembea. Buibui alikuwa amefunga utando mbele ya kile kioo kidogo na alikuwa amenenepa kabisa.

Kile kibomba kidogo cha kulengea, kilicho mgongoni mwa darubini, kipangeni mchana, kwa kitu cha mbali kisichotembea. Mimi nilitumia mlingoti wa simu. Mlingoti huo ulisimama nyuma ya nyumba za jirani, na kina mama wakaniona mara tatu nimeinama nimeelekeza chombo kwenye kamba zao za nguo. Chifu aliniita. Nilibeba darubini hadi kwake, nikamwomba mlalamishi mkuu, mama mmoja mwenye sauti, aangalie mwenyewe. Akaangalia, akaruka nyuma. "Nyumba yangu imebinduka chini juu!" Nikamweleza kwamba darubini hii hugeuza kila kitu, kwa anga haidhuru. Akaangalia tena, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akawaita wengine waje kuona nguo zao zimening'inia kuelekea mbinguni. Tangu hapo nilikuwa mtu wa nyota, na nilianza kulipenda jina hilo kuliko inavyofaa.

Hapo ndipo ubaya ulipoanzia, si kwenye darubini.

Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha maktaba kwamba Zohali ina pete. Kwa lenzi kubwa niliiona kama punje tu, imetanuka kidogo pembeni. Watu wakiangalia walisema "aa" kwa adabu, wakaenda zao. Nikajaribu lenzi ndogo, ile yenye nguvu. Ililegea kwenye tundu lake, ikawa inateleza, basi nikaishikiza kwa kile kipande kifupi cha bomba. Ikakaa imara. Nikainama, nikaona duara kubwa linalong'aa lenye tundu jeusi katikati. Bangili kamili. Nilifurahi hadi nikaongea peke yangu pale uwanjani.

Miaka minne niliwaonyesha watu bangili hiyo. Wanafunzi, wazazi, askari wa kituo cha karibu, mapadri wawili, shehe mmoja aliyesema subhanallah na kunishika mkono. Mshtarii na mwezi niliwaonyesha kwa lenzi kubwa, vikaonekana vizuri. Lenzi ndogo nilikuwa nikiitoa kwa Zohali peke yake, kama sahani za wageni. Sikuwahi hata mara moja kuielekeza kwenye nyota ya kawaida. Nyota ya kawaida ningeiangalia ya nini?

Mwaka wa nne alikuja afisa wa elimu. Mkuu wa shule akapanga maonyesho jioni, baada ya swala ya magharibi, wazazi wakaalikwa. Nilivaa koti. Zohali ilikuwa juu safi, foleni ikapangwa, afisa akaangalia wa kwanza akasema haijawahi kutokea katika mkoa wote. Nikasimama kando naye nikimweleza jinsi nilivyojifunza mwenyewe bila kufundishwa. Foleni iliendelea nyuma yangu.

Mnajua kwamba darubini isiyo na mota haishiki kitu kwa muda mrefu, dunia inazunguka na sayari inatoka kwenye tundu. Kazi yangu ilikuwa kuirudisha kila baada ya watu wawili watatu. Nilikuwa nimesahau, kwa sababu nilikuwa nasifiwa. Ilipofika zamu ya msichana mmoja wa kidato cha pili, Fardosa, tundu lilikuwa tupu. Hakuita mtu. Alilisukuma bomba mwenyewe, taratibu, kutafuta. Kisha nikasikia sauti yake.

"Maalim, hata hii ingine iko na bangili."

"Ni ile ile," nikasema bila kugeuka.

"Si ile. Ile iko pale." Alionyesha kwa kidole, na alionyesha sawasawa. "Nimeangalia tatu. Zote ziko na bangili."

Afisa akacheka. "Basi leo mbinguni kuna harusi," akasema, na uwanja mzima ukacheka naye.

Nilihisi masikio yanawaka. Kile kicheko hakikuwa cha kuniumbua, najua leo, kilikuwa cha watu wenye furaha. Lakini mimi nilikisikia kama kofi. Nikasema kwa sauti ambayo hadi mwisho wa ukuta ilifika, "Huyu anadanganya. Hajaona kitu. Anataka tu kuonekana."

Kutoka kwa kundi la wazazi akatoka mzee mrefu mwenye fimbo mabegani. Alikuwa baba yake, Mzee Dagane, mfugaji wa ngamia wa upande wa Balambala, aliyekuja mjini wiki hiyo kumwona bintiye. Alisimama mbele yangu, si kwa hasira.

"Maalim. Huyu mtoto yangu ameona, ama hajaona?"

"Hajaona, mzee."

"Hajaona?"

"Hajaona. Ni uongo."

Vijana wangu, lenzi ilikuwa hatua moja kutoka nilipo, kimo cha kifua changu. Kuinama tu. Kazi yote ya maabara ni kuangalia na kuandika kilichoonekana, na siku ile sikuinama.

"Haya," mzee akasema. Asubuhi yake dawati la Fardosa lilikuwa tupu. Mwalimu wa darasa alisema ameitwa nyumbani.

Wiki mbili baadaye alikuja shuleni Issack, mpiga picha za harusi mwenye studio karibu na soko, kupiga picha za darasa. Ni rafiki yangu, mtu wa mzaha, mzaliwa wa hapa hapa. Kazi ilipoisha kulikuwa kunaingia giza, akaniomba ajaribu hiyo darubini anayoisikia kila harusi. Nikampa Zohali kwa lenzi ndogo. Aliinama, akainuka hapo hapo.

"Hii haiko fokasi, Musyoka."

"Hiyo ni Zohali. Hiyo ni pete yake."

"Hata kama ni nyanya yako, haiko fokasi." Akaanza kucheka. "Mimi nikipiga picha usiku, taa za ukumbi zikiwa nje ya fokasi zinakuwa hivi hivi, viduara. Na hilo tundu jeusi katikati si hicho kioo chako kidogo kinakinga? Ngoja." Akasukuma bomba hadi nyota nyingine, akanivuta sikio. Bangili. Nyota nyingine. Bangili.

Alikitoa kile kipande kifupi, kilichokuwa kikiisogeza lenzi mbali mno, akaizungushia lenzi utepe wa karatasi ili isilegee, akaitia moja kwa moja kwenye tundu. Akazungusha kitufe. "Sasa angalia."

Nikaiona Zohali kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ndogo, kali, rangi ya siagi, na pete yake halisi imeizunguka bila kuigusa. Ilipendeza kuliko bangili yangu mara elfu.

Nikamweleza Issack habari za yule msichana. Alikuwa bado anatabasamu. Akauliza ni binti wa nani. Nikasema, wa Dagane wa Balambala. Tabasamu likaondoka.

"Unajua umemwambia nini yule mzee?"

"Nimemwambia binti yake amedanganya. Watoto hudanganya."

"Dagane ni mtu wa sahan," akasema, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Mwingi akanieleza polepole. Ukame ukikaza, watu hawahamishi ngamia ovyo. Humtuma mmoja aende mbele, siku tatu, nne, aangalie mvua imenyesha wapi, nyasi zimefika wapi, kisima kina maji au kimekauka. Huyo ndiye sahan. Akirudi hukalishwa, hupewa maziwa, kisha huulizwa. Husema alichokiona tu. Hasemi anachodhani, hasemi kinachofurahisha. Kama hakuona, husema hakuona. Watu wote na mifugo yao huondoka kwa neno lake. Aliyewahi kusema ameona kitu ambacho hakipo hatumwi tena, na hata watoto wake huangaliwa kwa jicho hilo.

"Ndugu za mzee walikataa Fardosa asome," Issack akasema. "Mzee akawaambia: huyu nimemtuma shule kama sahan. Aangalie huko kuna nini, atuletee habari, halafu tutaamua kuhusu wadogo zake. Wakanyamaza, kwa sababu ni Dagane amesema. Sasa wewe, mtu wa serikali, mbele ya watu, amekuuliza mara mbili."

Nilisema nitakwenda Balambala wikendi hiyo hiyo.

Wikendi hiyo ilinyesha, barabara ikakatika. Iliyofuata kulikuwa na mitihani. Kisha ikaja barua ya yule afisa ya kunipongeza, mkuu akaisoma paredi, nikapigiwa makofi. Ningewezaje kusimama siku ya pili niseme kile alichokiona afisa kilikuwa ukungu? Niliwaambia watu kwamba nimeifanyia darubini marekebisho na sasa pete inaonekana vizuri zaidi. Hayo ndiyo maneno yangu. Marekebisho. Kile kipande kifupi nilikitupa chooni, kama mtu anayeficha kisu.

Kosa la kwanza lilikuwa la ujinga na hasira, nalo lilichukua dakika moja. Hili la pili nililifanya kila siku kwa miaka kumi na mmoja, nikiwa na akili timamu. Nilikuwa nikiwakuta watu wa Balambala sokoni nikabadili njia. Wanafunzi wakiniuliza kama Zohali iliwahi kuonekana vibaya, nikatania jambo jingine. Kama mmewahi kujiuliza kwa nini maalim Musyoka alisisitiza kila mtu aandike kwenye daftari hata kama ameona tofauti na wenzake, na kwa nini sikumkatalia mtoto yeyote, msinisifu. Nilikuwa nalipia upande ambao haunidai.

Basi mlipokuja na rangi yenu, usiku ule sikulala. Asubuhi nikampigia Issack.

"Nilijua utapiga siku moja," akasema. "Sikujua utangoja mpaka ustaafu."

Tukaondoka kwa gari lake alasiri. Nilibeba darubini yangu mwenyewe, ndogo kuliko yenu, niliyoinunua kwa kiinua mgongo. Vuli ilikuwa imeosha vumbi, anga limetakata. Nyumba ya Mzee Dagane iko nje ya mji, karibu na mashamba ya mtoni, kwa sababu sasa hatembei na ngamia. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili; anaona mwanga na giza, mengine anayasikia. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na majirani wanne watano. Issack akamsalimia kwa heshima, kama mtu anavyomwamkia ami yake, "Adeer, nabad?" na mzee akaitika "Waa nabad" bila kuuliza mwingine ni nani. Chai ya maziwa ya ngamia ikaletwa. Aliyeileta ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Nilimjua Fardosa kwa jinsi alivyoniangalia, moja kwa moja, kisha akaendelea kumimina.

Mzee akauliza kama desturi inavyotaka. Barabara ikoje? Mvua mmeikuta wapi? Mlikutana na mifugo ya nani? Issack akajibu yote. Kisha mzee akageuza uso kwangu.

"Na huyu ingine, ameleta habari gani?"

Nikamwambia mimi ni Musyoka, yule wa darubini. Uso wake haukubadilika. Nikaanza kueleza habari za lenzi na kile kipande cha bomba, akainua mkono.

"Hiyo ya vyuma wacha. Wewe uliona nini?"

"Siku ile sikuangalia, mzee. Nilisema bila kuangalia. Baadaye niliangalia. Fardosa alikuwa ameona. Nyota zote zilikuwa na bangili, kama alivyosema. Aliyedanganya ni mimi."

Majirani wakaacha kunywa chai. Mzee akapapasa fimbo yake.

"Hii habari umekaa nayo muda gani?"

"Miaka kumi na mmoja."

"Kumi na moja." Akaisema kwa Kisomali pia, kwa ajili ya wale wasiosikia vizuri Kiswahili. Halafu akasema, "Ingekuwa ya maji, ngamia yote ingekuwa imekufa."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepima. Nilitamani anipige na ile fimbo.

Fardosa alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia pole, nikamwambia nisamehe. Alimtoa mtoto mgongoni akampa mtu mwingine.

"Unajua hapa wananiita nani?" akaniuliza. "Fardosa Bangili. Nikisema mbuzi ya fulani imeingia kwa shamba, wanauliza: uliiona vizuri, ama ilikuwa na bangili? Nikisema mtoto ana homa, mama ya bwana yangu ananyanyua nyusi. Hata wale wadogo zangu hawakupelekwa shule. Walisema mmoja ametosha."

Nilisema ningependa kumwachia ile darubini. Akaangalia lile begi.

"Mimi niko na watoto watatu na nyanya za kumwagilia, maalim. Nitaiangalia saa ngapi?" Kisha akaligeukia begi tena. "Lakini leo umeibeba. Ifungue."

Swala ya magharibi ilisaliwa. Nilikuwa nimeisimamisha kwenye udongo kabla ya swala, mikono ikijua kazi yake hata moyo ukiwa haupo. Zohali ilikuwa juu upande wa kusini. Niliilenga, nikakaza, nikarudi nyuma hatua tatu ili asione kivuli changu. Niliwaambia wote kwamba sasa ataona bangili ya kweli, moja tu, ya Zohali peke yake. Mzee alikuwa amesogezewa mkeka karibu. Majirani walikuwa wameongezeka, na watoto, na mama mkwe wa Fardosa, yule wa kunyanyua nyusi.

Fardosa aliinama. Hakuzungumza haraka. Alizungusha kitufe kidogo, mbele, nyuma, akatulia.

"Sioni bangili," akasema.

Mtu mmoja akaguna. Yule mama akavuta pumzi.

"Naona shanga. Na sindano imepita katikati ya shanga, imetokea huku na huku. Bangili hakuna."

Niwaambie ukweli, vijana, maana hapa hata Issack hajui. Lile joto la masikio lilinijia tena. Lile lile, nikiwa mzee wa mvi, nimekuja kuomba msamaha. Nilikuwa nimetangaza bangili mbele ya watu. Mzee Dagane akageuza macho yake meupe upande nilipo, akauliza kwa maneno yale yale.

"Maalim. Ameona, ama hajaona?"

Nikatembea zile hatua tatu. Nikainama.

Mnaofuatilia mnajua tayari. Kuna miaka Zohali hutugeuzia pete yake ubavu, ikawa nyembamba kama uzi. Nami nilijua, niliisoma, nilikuwa nimeiandika kwenye daftari langu mwezi uliotangulia, na kwa woga wa siku ile nikasahau nikaahidi bangili. Mle ndani kulikuwa na shanga ndogo ya rangi ya siagi na sindano imepita katikati.

"Ameona, mzee."

"Sema watu wasikie. Ile siku ulisema watu wakasikia."

Nikainuka. "Ameona! Ni shanga na sindano. Fardosa ameona sawasawa, na siku ile pia aliona sawasawa."

"Tena," akasema mzee.

Nikasema tena, na Issack akatafsiri kwa Kisomali. Mzee akaniomba mara ya tatu, na mara hiyo nikageukia upande wa yule mama mkwe. Kisha akamwita bintiye aje akae, akamwagiza mtu alete maziwa, akaanza kumuuliza yeye. Issack alininong'onezea: anamuuliza shanga ni ya ukubwa gani, sindano imelala upande upi, kuna nini pembeni yake. Maswali ya sahan aliyerudi. Mimi sikuulizwa kitu tena jioni ile. Fardosa alinywa maziwa, akajibu moja moja, na mahali fulani alisimama, akamwomba baba yake angoje, akaenda kulisukuma bomba hadi kwenye nyota nyingine ili ahakikishe kama hiyo nayo ina sindano.